Geti la maonyesho ya sanaa ni la nani? Jibu kwa msomaji wa Mbagala

*"Shikamoo dada. Nina miaka 24, nilihamia Dar kutoka Ruvuma mwaka jana, nauza kwenye duka la dawa hapa Mbagala na naishi kwa mama mdogo. Napenda sana mitindo. Nanunua mitumba, naifumua na kuishona upya kwa cherehani ya jirani. Mtaani wengine wanasifia, wengine wananicheka. Naona mitandaoni picha za maonyesho ya sanaa Mikocheni na Upanga, na zile shoo za mavazi za mwisho wa mwaka, natamani niwepo. Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda. Getini nikakuta watu wanashuka kwenye magari makubwa, wanaongea Kiingereza, kila mtu anamjua mwenzake. Nikazuga kama nasubiri mtu, halafu nikapanda daladala nikarudi. Sina wa kwenda naye, sina hela ya kununua picha ya ukutani, taratibu zao sizijui. Mama mdogo anasema huko ni kwa wahuni na watu hupigwa picha za ajabu ajabu. Kurudi Mbagala usiku nako ni mtihani. Mtu kama mimi anaingiaje huko bila kujiaibisha?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza habari za lugha, hela, picha na usafiri, lakini naona swali lililobeba mengine yote ni moja: lile geti ni la nani, na ukilivuka unahesabika nani? Unaogopa kuonekana mdoezi. Mimi kazi yangu ni kuandaa maonyesho, nimekaa miaka mingi upande wa ndani wa geti kama hilo, na naweza kukwambia kilichokuwa kinaendelea huko wakati wewe unazuga: mratibu alikuwa anahesabu vichwa na kuomba viongezeke.

Ili uelewe kwa nini, yasahau magari kwanza, ujiulize nani kalipia shughuli. Ukishajua anayelipa, unajua unaingia kama nani, na aibu nyingi zinaisha zenyewe.

Chukua Nafasi Art Space pale Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008. Wasanii wana karakana zao humo, nyingine ndani ya makontena, na kuna sehemu ya maonyesho na ya muziki. Au chukua Alliance Française na Goethe-Institut, zote ziko Upanga, taasisi za utamaduni za Ufaransa na Ujerumani. Shughuli nyingi za mahali kama hapo hulipiwa kwa ruzuku. Anayetoa ruzuku hasubiri faida ya tiketi, anasubiri ripoti, na ripoti ina safu zake: walikuja wangapi, wanawake wangapi, vijana wangapi. Ndiyo maana mlangoni unakuta daftari la mahudhurio, na ndiyo maana mara nyingi kuingia ni bure. Sasa jiangalie. Binti wa miaka 24 kutoka Mbagala, kaja kwa nauli yake, hajaalikwa na mtu, anapenda sanaa. Kuna miradi mizima imeandikwa kwa ajili ya kukutafuta wewe, na wewe umefika hadi getini ukageuza! Wale wa kwenye magari wengi wao hufahamiana na mfadhili. Wangekuja hata kama kuta ni tupu.

Tena uliwaona kwa sababu ulienda siku ya ufunguzi. Ufunguzi ni hotuba, vitafunwa, kupeana mikono na picha za pamoja. Kazi zenyewe hubaki ukutani kwa wiki kadhaa baada ya hapo, na siku hizo ukumbi unakuwa mtupu kiasi kwamba mhudumu akikuona anafurahi kupata mtu wa kuongea naye. Nenda siku ya kawaida mchana, au Jumamosi. Mlinzi atakuandikisha jina na namba ya simu, kama anavyofanya mlinzi wa ofisi yoyote mjini. Hana orodha ya walioalikwa mkononi. Ukiulizwa unakwenda wapi, jibu "naenda kuangalia maonyesho", upite.

Shoo za mavazi zina hesabu nyingine, na hapa sitakudanganya. Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na mbunifu Mustafa Hassanali mwaka huo huo wa 2008, huwa mwishoni mwa mwaka kwa siku kadhaa, na shughuli za namna ile hulipiwa na wadhamini pamoja na tiketi. Viti vya mbele si vya wenye hela tu. Wanakaa wadhamini, waandishi, wanunuzi wenye maduka na watu maarufu, kwa sababu kamera ya upande wa pili wa jukwaa inawachukua wao pamoja na nguo. Ukinunua tiketi ya kawaida utakaa nyuma, na ukikaa nyuma hutaona viatu wala pindo. Hilo ni jambo la nafasi tu, usilichukulie kama dharau. Kuna siri moja ya mratibu nikupe: anachokiogopa kuliko mvua ni viti vitupu kwenye picha. Taa zikikaribia kuzimwa na viti vya katikati bado viko wazi, vijana wa ukumbini huanza kuwavuta waliokaa nyuma. Mtu aliyevaa vizuri na aliyekaa peke yake ndiye rahisi kuvutwa; kundi la watu sita haliwezekani. Kwa hiyo kule kuwa peke yako unakokuona mkosi, usiku ule kunaweza kukusaidia.

Kuna aina ya tatu, masoko ya wabunifu, ambako kila mwenye meza amelipia meza yake. Pale wewe ni mteja mtarajiwa, basi. Unaruhusiwa kupita, kushika kitambaa, kuuliza, kuondoka. Kwa mtu wa cherehani kama wewe nadhani hapa ndipo pa kuanzia, maana unaweza kuipindua nguo ukaona ndani ilivyomalizwa, jambo ambalo kwenye jukwaa huwezi.

Aina ya nne unaijua kuliko mimi, nami nataka uiweke kwenye hesabu hii hii. Umeniandikia kana kwamba sanaa inakaa Mikocheni na Upanga na Mbagala hakuna kitu. Singeli, muziki ule wa kasi, imetoka wapi kama si uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye shughuli za mtaani ambako mwenye sherehe ndiye analipa spika na watu wanamtunza msanii kwa noti? Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli za studio ya Sisso, na tangu hapo vijana wa mitaa hiyo wamekuwa wakipanda ndege kwenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Anayesafiri kutoka Berlin kuja kusikiliza singeli anafika kwenye shughuli ya mtaani akiwa na woga ule ule uliokuwa nao wewe getini: hajui asimame wapi, hajui anatunza vipi, hana mwenyeji. Wewe kwa hilo ni mwenyeji tayari.

Na kwa kuwa umetoka Ruvuma, kumbuka Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru. Alikuja Dar kutafuta kazi kama wewe, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya mbao kwa rangi ya kung'arisha, ya aina inayopakwa baiskeli, na kuviuza Oysterbay karibu na Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972 akiwa na miaka 40 tu. Warithi wa mtindo wake bado wanachora pale pale. Hakuwa na shule ya sanaa wala Kiingereza cha kuhutubia.

Kuhusu Kiingereza hicho. Ni kweli hotuba za ufunguzi na maelezo ya ukutani mara nyingi yako kwa Kiingereza, na binafsi naona ni uvivu wetu sisi waandaaji. Lakini msanii mwenyewe, tisa kwa kumi, anaongea Kiswahili cha mtaani kama chako, na usiku wa ufunguzi utamkuta kasimama pembeni anachezea glasi ya juisi huku watu wakipongezana mbele ya kazi yake bila kuiangalia. Mfuate. Usimuulize "hii ina maana gani", swali hilo humfanya mtu atoe hotuba. Muulize alianzia wapi, kile kitambaa kilichobandikwa kakipata wapi, kwa nini kaacha ile kona bila rangi. Ukimuuliza swali la fundi atakujibu kwa ufundi, na mazungumzo ya mafundi hayana ushuani wala uswahilini.

Bei sasa. Kutonunua si kosa. Katika maonyesho yoyote niliyowahi kuandaa, walionunua ni wachache mno ukilinganisha na waliokuja, na hakuna anayeweka kumbukumbu ya wasionunua. Orodha ya bei huwa mezani au kwa mhudumu. Kuiomba ni jambo la kawaida. Ukiona kidoti chekundu pembeni ya kazi, imeshauzwa. Ila kuna tofauti moja uijue mapema. Kwenye vinyago vya Mwenge na kwa wachoraji wa Tingatinga, kupatana bei ni sehemu ya biashara, muuzaji ameshaitegemea. Ndani ya maonyesho, bei imekubaliwa kati ya msanii na ukumbi, ukumbi una asilimia yake, na mnunuzi wa mwaka jana aliyelipa bei kamili atajiona kaibiwa akisikia wewe umepunguziwa nusu. Kwa hiyo usishushe bei pale. Ikiwa kitu kimekugusa kweli, uliza kama kuna kazi ndogo, au kama unaweza kulipa kwa awamu. Wasanii wengi hukubali, wanajua hali.

Mavazi hukuyauliza moja kwa moja, ila neno "kujiaibisha" limenifanya nihisi yamo. Kusema kweli hapo ndipo sina wasiwasi nawe. Mtu anayefumua koti la mtumba na kulishona upya ndiye wanayemtazama mahali kama hapo. Aliyekuja na gauni la dukani hatazamwi. Vaa kitu chako, chenye mkono wako. Onyo langu ni moja na lina uzito: mabaka ya jeshi. Najua kwenye belo za mitumba suruali na makoti ya mabaka hayakosekani, na najua yanavutia mtu wa mitindo. Raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo ni kosa kisheria Tanzania, na mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wenye nguo hizo wazisalimishe. Usiikate, usiipake rangi ukidhani umeibadilisha. Usiinunue kabisa. La pili ni dogo: chukua mtandio au kanga kwenye mkoba. Utapanda bodaboda, utakaa kwenye benchi la ukumbi, usiku upepo wa bahari utavuma, na ukishuka kituoni Mbagala saa tatu hutataka kujibu maswali ya kila kijiwe kuhusu vazi lako.

Nakuja kwa mama mdogo, na sitamcheka, kwa sababu katika maneno yake kuna kweli. Picha zinapigwa, nyingi. Waandaaji wengine hubandika tangazo mlangoni kwamba ukiingia umekubali kupigwa picha, na zingine zitaishia mitandaoni na kwenye ripoti zile nilizokutajia. Lakini una haki ya kukataa. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, mpiga picha anayejua kazi yake ukimwinulia kiganja anageuza kamera. Asipogeuza, nenda kwa mratibu, si kwa mpiga picha. Hupati sifa yoyote ya usasa kwa kuvumilia usichokitaka.

Zile "picha za ajabu ajabu" anazoziogopa haziko ukumbini kwenye watu mia. Ziko kwenye kinachofuata. Utafuatwa na mtu, pengine ana kadi nzuri ya biashara, atakwambia una umbo la uanamitindo, njoo kesho hoteli fulani tukupime, au lipa ada kidogo tukuingize kwenye shoo. Usaili wa kweli wa wanamitindo hufanyika mchana, mkiwa wengi, mahali pa wazi, mnatembea mbele ya meza na namba kifuani. Hakuna ada, hakuna chumba, na unaweza kwenda na mama mdogo mwenyewe akakaa pembeni. Kikipungua kimoja kati ya hivyo, usiende. Mtu mwenye mamlaka ya kukupa nafasi akiiomba kwa ngono, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Na ikifika mahali pa kutishwa, kushikwa au kusambaziwa picha, usiniandikie mimi wala usiulize mitandaoni: nenda kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, ukiwa na mtu unayemwamini, na ujumbe wote ukiwa haujafutwa kwenye simu.

Kwa mama mdogo pia nina ushauri. Mchukue mchana mmoja umpeleke Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, au Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, ambako nako huwekwa maonyesho ya sanaa. Sikuahidi atabadilika. Ila mtu ambaye ameshakaa chini ya mti akaangalia ngoma na nyumba za asili huanza kuuliza "ni kama pale?" badala ya "ni kwa wahuni".

Usafiri ndio mlima wenyewe, na sina njia ya mkato. Mikocheni hadi Mbagala ni kukatiza mji mzima, na shughuli za usiku zetu hazianzi saa iliyoandikwa. Kadi ikisema saa kumi na mbili jioni, hesabu saa mbili usiku. Kwa hiyo panga kutokea mwisho: gari lako la uhakika la kurudi ni la saa ngapi? Ondoka kwa saa hiyo hata kama msanii uliyemfuata hajapanda. Inauma, najua. Mwanzoni chagua shughuli za mchana na za Jumamosi alasiri, na weka akiba kwa usiku mmoja tu wa mwaka unaoutaka kweli, tiketi na teksi ya kurudi zikiwa bajeti moja. Kama hela inatosha tiketi tu, basi haitoshi. Na ukishazoeleka mahali, uliza mezani nani anarudi upande wa Temeke. Mafundi mitambo, wapiga ngoma na wahudumu wengi hawaishi Masaki. Kuchangia gari na dada wawili wa kazini pale ni salama kuliko bodaboda usiyemjua.

Kutokuwa na wa kwenda naye kutaisha lenyewe ukienda mahali pamoja mara kwa mara. Watu wa sanaa hapa mjini ni wale wale, sura zinajirudia. Ukionekana kwa mara ya tatu mtu atakuuliza ulikuwa wapi wiki iliyopita. Usizungukie kumbi zote, chagua moja. Lakini kama woga ule wa getini unakukuta pia kazini, sokoni, kanisani au msikitini, moyo ukaenda mbio hadi ukashindwa kufanya ulichokusudia, hilo si la maonyesho tena. Muone mshauri nasaha au daktari. Unafanya kazi duka la dawa, unajua kuna vitu havitibiwi kwa kuvumilia.

Mwisho nikupe njia ambayo hukuiuliza, ingawa kwako wewe naiona bora kuliko tiketi. Nyuma ya jukwaa la kila shoo ya mavazi kuna wavalishaji, watu wanaosimama na pini, uzi na sindano, wanavalisha na kuvua kwa sekunde chache, zipu ikifunguka wanaishona mwilini. Hawatoshi kamwe. Wiki chache kabla ya shoo, mwandikie mbunifu mmoja unayempenda, kwa Kiswahili, ujumbe mfupi: unashona, una sindano zako, unaweza kuja siku ya mazoezi na siku ya shoo. Mara nyingi hakuna malipo zaidi ya chakula na nauli, na hata hivyo viwili uliza mapema, viandikwe kwenye ujumbe. Siku mbili kwa kujifunza ni sawa. Akikutaka umshonee nguo mwezi mzima bila malipo kwa ahadi ya kujulikana, kataa kwa heshima. Hela ya kozi ya ushonaji kwenye chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, hapo hapo Temeke, itakufikisha mbali zaidi. Na akikwambia uje na kitu ulichoshona, usipeleke lile vazi la kushangaza kuliko yote. Peleka lililomalizwa vizuri ndani, nyuzi zimekatwa, mishono imefungwa, kwa sababu atalipindua kwanza.